Barua ya wazi kwa mdogo wangu, mwalimu wa chekechea

Mdogo wangu,

Jioni ile uliponipigia kutoka Igoma sauti ilikuwa imekukauka. Mzazi mmoja amekujia juu: kwa nini unamfundisha mwanawe wa miaka minne sikukuu za dini ya wengine? Nilikujibu kwa kifupi. Leo naandika hadharani, maana hujabeba swali hili peke yako.

Mtoto wa Mwanza anaishi na sikukuu hizo tayari. Anasikia adhana na kengele akiwa kitandani, na sahani ya pilau ya Idd inamfikia kutoka kwa jirani kabla hajajua Idd ni nini. Kilichobaki ni kumweleza alichokwisha kukiona.

Mwaka wangu wa kwanza darasani nilipamba kwa ajili ya Krismasi tu. Mtoto mmoja akachezea kamba ya kiatu muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, na ya kwetu lini?" Idd ilikuwa imeshapita na sikusema neno. Swali lile linaniuma hadi leo.

Anza na mwezi, mdogo wangu. Watoto wanaupenda na kila nyumba inauona. Idd inangoja mwezi mwandamo, ndiyo maana kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia Machi 21. Diwali huangukia usiku wa giza, mwezi haupo kabisa, na Wahindu wanawasha taa. Waambie wachore miezi mitatu: mwembamba, wa duara, na karatasi nyeusi yenye taa ndogo. Tarehe zenyewe usiwakaririshe.

Kwa yule mzazi, mpe haki yake. Ana hofu kwamba mwanawe atafundishwa kuabudu, na hofu hiyo si ya kubezwa. Mwonyeshe mpaka wako: darasani tunasimulia, hatusali sala ya mtu. Sema "Waislamu wanafunga", "Wakristo wanaamini". Halafu mwombe aje yeye mwenyewe kusimulia sikukuu yao. Bibi mmoja mwenye kanga na sinia la vitumbua anafundisha kuliko picha zote ulizobandika ukutani. Ila mtoto asiyetaka kusimulia ya kwao usimlazimishe. Hakuja shule kuwa msemaji wa dini yake.

Chakula nacho kina mambo. Nyama ichinjwe na Muislamu, na wapo watoto wa Kihindu wasiokula nyama kabisa. Wali, maharage na matunda vinamkalisha kila mtoto mkeka mmoja.

Na usiwasahau Wasukuma, wenyeji wetu! Bulabo, sikukuu yao ya ngoma pale Bujora, Kisesa, inafanyika Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi. Jina lenyewe ni maua kwa Kisukuma. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji, wanashindana ngoma siku kadhaa, wengine wakicheza na majembe, wengine na nyoka. Hapo mtoto anaona kwa macho yake sikukuu ya kanisa na ngoma za mababu zikikaa uwanja mmoja.

Juni nitakuja. Hesabu watoto, uwaombe wazazi ruhusa kwa maandishi, nami nitatafuta daladala ya kutupeleka Kisesa. Yule mzazi mwalike pia, akae kiti cha mbele na mwanawe.

Dada yako