Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kamera Tunazo, Kazi Bado

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Hoja iliyotawala vikao vya mwaka huu ni moja: sisi tunaoshuti filamu kwa simu, chama kinunue kamera kubwa au kisinunue? Kamati imekataa, na sababu nazieleza hapa. Mahesabu mtayapata kwa mshika fedha. Wanaodaiwa ada wanajijua.

Wanaosema simu inatosha hututajia Tangerine, filamu ya Mmarekani Sean Baker, iliyoshutiwa kwa iPhone 5s na kuoneshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance mwaka 2015. Ni kweli, ila simu zile zilifungwa lenzi ya ziada, na ile ilikuwa filamu ndefu ya tano ya Baker. Alikwishajua kuongoza waigizaji kabla hajaishika simu.

Kazi za wanachama tulizopitia zina picha safi. Kinachoziangusha kwanza ni sauti. Maiki ya simu iliyo mita 2 kutoka kwa msemaji huokota upepo wa kusi, bodaboda na jenereta ya jirani. Isogeze maiki mpaka nusu mita, sauti ya msemaji itapanda kwa desibeli 12 bila kununua chochote. Maiki ya kubana nguoni ikae kama sentimita 20 chini ya kidevu, na kama mwigizaji amevaa buibui, ibandikwe kwa plasta pande zote mbili, maana kitambaa kikisugua hakuna programu itakayokusafishia. Kabla ya kuondoka mahali, rekodi nusu dakika ya ukimya wa pale pale. Bila huo wa kuzibia mapengo, kila mkato, yaani pale vipande viwili vinapounganishwa, utasikika.

La pili ni mwanga. Simu nyingi haziwezi kubana tundu la lenzi, kwa hiyo kwenye jua kali hukimbiza shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) hata 1/4000 ya sekunde, na mtu anayetembea huonekana anarukaruka. Ukishuti fremu 25 kwa sekunde, shata ikae 1/50 na lenzi ivishwe filta ya ND64, kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Hiyo 1/50 pia huendana na umeme wetu wa hezi 50. Ukitumia 1/60 ukumbini, taa hutia michirizi. Mji Mkongwe una tatizo lake: simu ikiona ukuta wa chokaa hupunguza mwanga, na uso wa mwigizaji hugeuka kivuli. Pima mwanga usoni, kisha ufunge usibadilike. Saa sita mchana, khasa Machi na Oktoba jua linapokuwa utosini, ingieni kichochoroni na mshike shuka jeupe upande wa pili wa uso.

Simu nyingine hubadilisha idadi ya fremu zenyewe, na baada ya dakika chache midomo na sauti huachana. Geuzeni faili kwa programu ya HandBrake ziwe fremu 25 zisizobadilika kabla ya kuhariri.

Yote hayo hufundishika kwa siku moja. Kazi ngumu ni kujua usimame wapi. Chukueni wacheza bao barazani. Kati ya wawili waliokabiliana kuna mstari, nawe ubaki upande mmoja. Ukiuvuka, kwenye mkato wote watatazama upande mmoja, kama wanacheza na mtu wa tatu asiyeonekana. Anza na picha pana iliyotulia sekunde 10, kisha mikono ikigawa kete, kisha uso wa anayeliwa. Wengi huishia mikononi. Filamu imo katika ule uso.

Kamera kubwa ina haki yake: usiku Forodhani, au panapohitajika lenzi ya kuvuta mbali, simu hutoa chenga tupu. Kwa kazi hizo tutakodi.

Fedha zilizopo zitanunua maiki, filta, tripodi na taa mbili. Seti moja itakaa Mjini Unguja, nyingine Chake Chake, Pemba. Anayeazima arudishe betri zimejaa, na kama alishuti pwani, afute chumvi siku ile ile kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Asiyefuta haazimi tena.