Kuegesha kinyumenyume si dalili ya wizi

Mhariri,

Jirani yetu hapa Mji wa Kale alishikwa kwa tuhuma za wizi, na watu wote wa barazani wakamhukumu siku hiyohiyo kwa kuwa gari lake lilikutwa mtaa wa pili, uso ukielekea barabarani. Ati alijiandaa kukimbia.

Mimi ni dereva wa teksi, mwaka wa 22 sasa. Vichochoro vya huku havigeuziki gari. Ukiingia kwa uso utatoka kwa kurudi nyuma, huku watoto wa chuoni wamekuzunguka. Ndiyo maana naingia kinyumenyume. Na mtaa wa pili nafuata kivuli cha mwarobaini, maana jua la Februari hukufanya usiweze kushika usukani. Je, nami ni mwizi?

Sisemi maegesho hayana maana. New York, mwaka 1977, tiketi ya kuegesha karibu na bomba la zimamoto iliwafikisha polisi kwa muuaji David Berkowitz. Lakini tiketi ile ilionyesha gari lilikuwa wapi na usiku gani, basi. Haikusoma nia ya mtu.

Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilishasema mwaka 1949 kwamba ushahidi wa mazingira, yaani wa dalili tu bila aliyeona tendo, hautoshi kumtia mtu hatiani ikiwa kuna maelezo mengine yanayokubalika. Nawasihi wapelelezi waulize kwanza huyu huegesha vipi siku zote. Muuza kahawa wa pale pembeni anajua, na hakuna aliyemuuliza.

Dereva wa teksi,
Mji wa Kale, Mombasa