Wagonjwa wa saratani ya koo wapimwe meno kabla ya mionzi

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo ambalo wengi wetu tuliotibiwa saratani ya koo hulijua tukiwa tumeshachelewa. Tiba ya mionzi, ambayo kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki kwa muda wa wiki sita au saba, huathiri pia tezi za mate, na mdomo ukishakauka meno huoza kwa kasi. Kuyang'oa wakati huo ni hatari, kwa kuwa mfupa wa taya uliopigwa mionzi hupona kwa shida na wakati mwingine hufa kabisa. Meno mabovu yanapaswa kung'olewa mapema, kidonda kipone kwanza.

Hospitali iliyonipa rufaa haikunigusia hilo. Hata mate hayakurudi kama zamani: ugali siumezi bila mchuzi mwingi, na chapati ndiyo usiseme.

Naishauri Wizara ya Afya iingize uchunguzi wa meno katika fomu ya rufaa ya kila mgonjwa wa aina hii anayepelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwani huduma ya meno ipo katika hospitali nyingi za wilaya.

Msomaji wako,
Morogoro