Mafunzo ya wanasaikolojia yafupisheni, ila masaa ya usimamizi myaache

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lenu. Siku hizi kila ikizungumziwa afya ya akili lazima atokee mtu aseme wanasaikolojia ni wachache kwa sababu kuisomea hiyo kazi kunakula miaka kibao, basi mafunzo yafupishwe, mtu akimaliza digrii ya kwanza apewe leseni aanze kuhudumia watu. Kwamba ni wachache sibishi. Mi nauliza tu, mnataka kukata wapi? Maana wengi wanaosema hivyo naona mkasi wanaupeleka pale pale pasipotakiwa kuguswa, yani yale masaa ya kufanya kazi chini ya msimamizi.

Tuwekane sawa kwanza. Digrii ya kwanza ya saikolojia peke yake, nchi nyingi haikupi ruhusa ya kutibu mtu. Inakufundisha kumbukumbu inavyofanya kazi, mtoto anavyokua, takwimu (hizi ndo huwatoa watu jasho), lakini unaweza ukaimaliza yote na hujawahi kukaa chumba kimoja na mtu aliyeelemewa ukaambiwa haya, msaidie. Ndo maana Afrika Kusini wanataka mastazi, intanshipu ya miezi 12 na mtihani wa bodi, na yule wa kliniki (anayetibu wagonjwa) anaongezewa mwaka mzima wa kutumikia jamii. Marekani ndo usiseme, majimbo karibu yote yanataka uwe na digrii ya udaktari kabisa, PhD au PsyD (udaktari wa saikolojia unaoegemea zaidi tiba), ambao kwa wengi ni miaka mitano hadi saba juu ya digrii ya kwanza, humo humo kuna mwaka wa intanshipu, halafu majimbo mengi yanadai masaa mengine tena ukishahitimu, na bado kuna mtihani wa leseni unaoitwa EPPP, maswali 225 kwa masaa manne na robo. Sheria zenyewe za leseni huko Marekani wala si za kale, jimbo la kwanza kuweka lilikuwa Connecticut mwaka 1945 na la mwisho Missouri mwaka 1977.

Sasa darasani kweli kuna vya kupunguza, hapo nipo na nyie. Kuna kozi unasoma digrii ya kwanza, unakutana nayo mastazi, unakutana nayo tena kwenye udaktari, kilichobadilika jalada la kitabu tu. Kuna mtu anataka kutibu basi, na anakaa miaka kwenye tasnifu ambayo hatairudia maisha yake yote. Mabishano haya ni ya siku nyingi, mwaka 1949 huko Boulder, Colorado, walikaa mkutano wakakubaliana mwanasaikolojia wa kliniki afundishwe utafiti na tiba kwa pamoja, halafu mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Illinois kikaanzisha PsyD kwa ajili ya wale ambao moyo wao uko kwenye tiba zaidi. Kwa hiyo kupunguza kunawezekana na kulishawahi kujaribiwa, hakuna dhambi hapo.

Ila usimamizi, hapana. Na nadhani watu wanaupuuza kwa sababu hawajui humo ndani kunafanyika nini, wanafikiri ni kusainiwa makaratasi. Mwanafunzi anakaa na mteja, mteja ameridhia kikao kirekodiwe, baadaye mwanafunzi na msimamizi wanakaa wanasikiliza ile rekodi. Mteja anasema "tangu mama afariki mimi..." ananyamaza. Mwanafunzi anarukia hapo hapo, pole sana, lakini una ndugu wa kukusaidia? Msimamizi anasimamisha rekodi. Hapa alikuwa anataka kusema nini? Hujui. Mbona hukumwacha amalize? Kimya. Kumbe ule ukimya aliyeshindwa kuuvumilia ni mwanafunzi, mteja hakuwa na shida nao kabisa. Kitu kama hicho huwezi kukipata kwenye mtihani wa kuchagua a, b, c, maana kwenye karatasi kila mtu anajua jibu sahihi ni kusikiliza.

Au chukua mteja anayesema amechoka na maisha. Kitabu kinasema muulize wazi wazi kama anafikiria kujiua, kama ana mpango na kama njia ya kufanya hivyo iko karibu naye, na kwamba kumuuliza hakumwingizii hilo wazo kichwani. Kila mwanafunzi hii anaijua. Ila siku anakaa na mtu wa kweli ulimi unakuwa mzito, anazunguka zunguka, anauliza "lakini huna mawazo mabaya eti?" swali ambalo lishajijibu lenyewe hapana. Inabidi pawe na mtu mzoefu wa kumwambia hilo siku hiyo hiyo na kuangalia yule mteja yuko salama kiasi gani, sio miaka mitatu baadaye akiwa ana ofisi yake na hakuna wa kumuuliza kitu.

Kwa maoni yangu kinachowakimbiza wengi ni njaa zaidi ya urefu wa mafunzo, mtu anafanya kazi kliniki wiki nzima bila mshahara na pengine yeye ndo anamlipa msimamizi. Hapo ndo pa kubana serikali na waajiri. Uingereza wanaosomea saikolojia ya kliniki kupitia mfumo wa afya wa taifa wanaajiriwa na kulipwa mshahara miaka yote mitatu ya udaktari wao. Ujerumani walilalamika miaka na miaka, sheria mpya ilipoanza mwaka 2020 wale waliokuwa kwenye mwaka wao wa vitendo hospitalini wakapata haki ya angalau euro 1,000 kwa mwezi, ambayo si hela ya kujivunia lakini kodi ya chumba inasogea.

Na msomaji ukikutana na mtu anayekwambia mapema kwamba bado yuko mafunzoni na msimamizi wake ni fulani, usimkimbie, maadili ya kazi yanamtaka akwambie hivyo. Mwenye leseni naye usione aibu kumwomba namba yake ya usajili, anatakiwa awe nayo.

Msomaji wenu