Manowari kuukuu: tupime chuma na umeme kabla ya kutia saini

Mhariri,

Tangu Juni 24, 2024, Kenya imo katika orodha ya washirika wakuu wa Marekani walio nje ya NATO. Marekani huwagawia washirika wake vifaa vya kijeshi ambavyo haivihitaji tena, meli zikiwemo. Naunga mkono tuombe meli hizo. Eneo letu la uchumi baharini linafika maili 200 kutoka ufukweni, na boti ndogo za doria haziwezi kukaa huko wiki nzima zikiwaandama wavuvi haramu. Lakini tukitia saini kabla ya kukagua, meli ya bure itakula bajeti ya Jeshi la Wanamaji ikiwa imefungwa kamba gatini Mtongwe, kambi ya jeshi hilo Mombasa.

Masharti ya zawadi hizi yanajulikana. Chombo hutolewa kilivyo na mahali kilipo. Matengenezo, mafunzo ya mabaharia na gharama za kukileta ni juu ya anayepokea. Tena, manowari ya Jeshi la Wanamaji la Marekani inayozidi tani 3,000, au iliyo na umri chini ya miaka 20, haitolewi mpaka Bunge lao lipitishe sheria. Maana yake ni kwamba kinachopatikana kwa wepesi ni chombo kidogo kilichozeeka. Pakistan ilipopewa manowari McInerney mwaka 2010, ambayo sasa ni PNS Alamgir, ukarabati uligharimu dola milioni 65. Ufilipino ilipokea Hamilton mwaka 2011, meli iliyoanza kazi 1967, nayo ilikabidhiwa baada ya kung'olewa mfumo wa Phalanx wa kujikinga na makombora.

Kung'olewa kwa silaha hakunisumbui. Kwa doria ya uvuvi na magendo, mzinga mmoja mdogo, rada nzuri na boti mbili za mpira za kupandia meli nyingine vinatosha.

Kinachonisumbua ni kutu, kwa sababu rangi mpya ya kijivu huificha yote. Wakaguzi wawe wetu, si wa anayetoa, na meli iwe imepandishwa gudini, nje ya maji. Wapime unene wa mabamba kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, wala wasiishie ubavuni kwenye usawa wa maji. Waingie ngamani chini ya injini, ambako maji ya chumvi hutuama pamoja na mafuta. Wapime kuta za matundu ya kuvutia maji ya bahari, sakafu za vyoo na jiko, na chuma kilichofunikwa kwa vizuia joto, ambako unyevu hukaa miaka bila kuonekana. Bamba lililoanza na milimita 8 likisoma 6, limeliwa robo, na kwa kawaida hapo hukatwa likachomelewa jipya. Kuchomelea si kazi kubwa. Kazi ni kulifikia: kung'oa mabomba, kuvuta kebo, pengine kuinua jenereta nzima, kisha kurudisha vyote. Ndipo makadirio ya mwezi mmoja yanapogeuka mwaka.

Australia, nchi yenye fedha na mafundi kutuzidi, ilinunua meli mbili kuukuu za kushusha vifaru kutoka Marekani mwaka 1994, ikakuta kutu nyingi kuliko ilivyotarajia, na ukarabati ukachukua miaka. Kimbunga Yasi kilipoipiga Februari 2011, hakuna hata moja iliyokuwa tayari kupeleka misaada. Mwaka huohuo zikaondolewa kazini.

Umeme nao hauzungumzwi kabisa, na ungestahili kuulizwa siku ya kwanza. Manowari nyingi za NATO hutumia volti 440 kwa herzi 60, yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde. Gridi yetu ni volti 415 kwa herzi 50. Ukiiunganisha meli hiyo na umeme wa gatini moja kwa moja, mota zake huzunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, na shinikizo la pampu ya kuzimia moto hushuka kwa karibu asilimia 30. Mota zenyewe hupata joto, kwa sababu volti 415 ni nyingi mno kwa mota ya herzi 60 inayolishwa herzi 50. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kununua kigeuzi cha herzi chenye uwezo wa kubeba mzigo wote wa meli ikiwa gatini. Ya pili ni kuwasha jenereta ya meli usiku na mchana. Hiyo ya pili huonekana rahisi hadi upige hesabu: saa 720 kwa mwezi. Jenereta inayotakiwa kufunguliwa kila baada ya saa 12,000 itafikia matengenezo hayo kabla ya miezi 17 kwisha, bila meli kutoka bandarini hata mara moja.

Kuhusu injini, tudai daftari la saa zilizofanya kazi, vipimo vya mafuta ya kulainisha, vipimo vya kupinda kwa kranki (mhimili mkuu wa injini), na jibu la maandishi iwapo kiwanda bado kinatengeneza vipuri. Kama hakitengenezi, tuombe meli mbili za aina moja, moja tuifungue iwe ghala la vipuri. Vipoza joto navyo vikaguliwe, hasa kama meli ilisanifiwa kwa bahari ya baridi. Maji ya Mombasa hukaribia nyuzi 30 msimu wa joto. Na chombo kilichojengwa kabla ya miaka ya 1980 karibu lazima kina asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, kwenye vifuniko vya mabomba. Mkataba useme nani ataiondoa na kwa fedha za nani.

Ukubwa pia tuuchague wenyewe. Meli kama Hamilton, ya mita 115, yenye dizeli mbili, turbini mbili za gesi na mabaharia zaidi ya 160, haitufai. Tumewahi kupata ya kiasi chetu: KNS Harambee II, iliyokuwa La Rieuse ya Ufaransa, tuliyokabidhiwa mwaka 2011, ina mita 54 na dizeli tupu. Tutafute kati ya mita 50 na 85, bila turbini.

Kamati ya Bunge la Taifa kuhusu Ulinzi, Ujasusi na Uhusiano wa Kigeni ikiletewa pendekezo lolote, idai mezani ripoti ya unene wa mabamba, kumbukumbu za injini, bei ya kigeuzi cha umeme, na fungu la matengenezo la miaka mitano lililokwisha kuingizwa kwenye makadirio ya Wizara ya Ulinzi. Karatasi moja kati ya hizo ikikosekana, makabidhiano yaahirishwe.

Mhandisi wa mitambo ya meli,
South B, Nairobi