Barua ya wazi kwa wazazi na walimu wa darasa la tatu na la nne: warudishieni watoto likizo yao

Wazazi wenzangu, na ninyi walimu ambao umri wangu unaniruhusu kuwaita wanangu,

Nawasalimu kwa heshima. Nimefundisha madarasa ya chini katika shule za msingi za jiji hili la Dar es Salaam mpaka nikastaafu, na tangu hapo nimekaa kimya kwa kuona kwamba shule ina wenyewe. Kilichonitoa kwenye ukimya huo ni insha. Shule zilipofunguliwa Julai, mjukuu wangu wa darasa la nne aliniletea daftari lake la Kiswahili ili nimsaidie kurekebisha maneno aliyozungushiwa wino mwekundu. Kichwa cha insha kilikuwa “Likizo yangu”. Aliandika kwamba alikwenda kijijini kwa babu na bibi, akachunga mbuzi, akaogelea mtoni na kula maembe yaliyoiva juu ya mti. Mtoto huyu alikuwa hapahapa Tabata likizo nzima, na kila asubuhi isipokuwa Jumapili alivaa sare akaenda tuisheni. Babu na bibi yake ndio sisi. Nilipomuuliza maembe hayo aliyapata wapi mwezi wa sita, ilhali miembe ya Pwani hujaza masoko yetu kuelekea Desemba, akanijibu bila wasiwasi: “Bibi, mwalimu aliandika ubaoni, sote tukanakili.” Nikaomba kuona madaftari ya wenzake wa jirani, nikakuta mbuzi walewale na maembe yaleyale.

Simlaumu mtoto. Kinachoniuma ni kwamba darasa zima lilifundishwa kusema uongo kwa mwandiko mzuri, likapewa alama, na hakuna mtu mzima aliyeona ajabu. Tena mwalimu yule naye simtwishi mzigo wote, kwa sababu angewaambia watoto waandike walichokifanya kweli, wangeandika nini? Wangeandika juu ya benchi la tuisheni, chini ya bati, wakikariri majibu ya mitihani ya miaka iliyopita.

Mwaka wetu wa shule una likizo ndefu mbili, ya Juni na ya Desemba, na mapumziko mafupi katikati ya mihula. Likizo hizo ziliwekwa kwa kujua kwamba mtoto wa miaka tisa au kumi anahitaji muda wa kukutana, kwa macho na mikono yake, na yale aliyoyasikia darasani. Sisi tumezigeuza kuwa muhula wa tatu unaolipiwa. Hofu ya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne imetuingia kiasi kwamba mzazi anayemwacha mtoto wake acheze rede au mdako asubuhi ya Jumanne anaonekana hamjali. Anayekosa fedha za tuisheni naye anahangaika kukopa ili mwanawe asiachwe nyuma.

Halafu kuna bunda la kazi za likizo. Maswali yananakiliwa kutoka kwenye mitihani, yanatolewa fotokopi, yanabanwa pini na kuuzwa kwa wazazi siku ya kufunga shule. Bunda hilo hukaa juu ya kabati mpaka usiku wa mwisho, ndipo baba anaketi mezani na kulijaza yeye, huku mtoto akisinzia pembeni. Shule ikitaka mtoto atengeneze zana kwa mikono yake, mama anakwenda steshenari kuagiza, naye fundi anatengeneza nyumba ya maboksi iliyonyooka kila kona. Mwalimu anaisifu na kuiweka mbele ya darasa, wakati mtoto aliyebandika yake kwa ugali anaambiwa hakujitahidi. Walimu wanangu, mkono wa mtoto mnaujua. Acheni kusifu mkono wa fundi.

Mtaniuliza mtoto wa jiji afanye nini likizoni kama hana kijiji cha kwenda. Chukueni bahari peke yake. Mtoto wa Kigamboni, Msasani au Kunduchi huona maji yakijaa na kupwa mara mbili kwa siku, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hayo ni masomo. Mpeni daftari na penseli, mtu mzima afuatane naye, asimame mahali pamoja na kuandika saa ambayo maji ya mchana yamejaa kabisa, kisha arudie kesho yake na siku zinazofuata. Ataona mwenyewe kwamba kila siku maji yanachelewa, kwa wastani wa takriban dakika 50, na ili kulijua hilo itambidi atoe saa na dakika, hesabu ileile inayomtoa jasho ubaoni. Akiendelea kwa majuma mawili huku akiutazama na mwezi, atagundua kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji hujaa sana na kupwa sana, na hilo ndilo bamvua ambalo wavuvi wa Feri hulitaja kila siku. Kati ya bamvua na bamvua kuna maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu. Amwulize mvuvi kwa nini kusi likivuma mwezi wa Juni bahari huchafuka, na kaskazi ya Desemba hufanya nini. Mtoto huyo akirudi darasani ana sayansi, ana hisabati, ana jiografia, na ana insha ambayo hakuna mwenzake anayeweza kuinakili.

Wanaoishi mbali na bahari wasijione wamenyimwa. Ipo bei ya nyanya pale Buguruni, ambayo mtoto anaweza kuiandika kila Jumamosi na kuichorea grafu. Yapo maharage ya kupanda kwenye kopo na kuyapima kwa rula. Upo msitu wa Pugu. Kipo Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo, chenye msonge na tembe. Yupo babu wa kuhojiwa kuhusu mtaa ulivyokuwa kabla ya lami.

Najua pia kwamba jamii yetu imewabana watoto. Viwanja vya wazi ambavyo vizazi vilivyotangulia vilichezea kombolela vimejengwa fremu za maduka, bodaboda hupita vichochoroni kwa kasi, na mama anayefanya biashara mpaka jioni anaona heri mtoto awe tuisheni, ambako angalau kuna mtu anayemwangalia. Hofu hiyo ni ya haki, na haiwezi kumalizwa na mzazi mmoja. Serikali za mitaa zilipaswa kuvilinda viwanja hivyo, nasi tulipaswa kupiga kelele mapema. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, madarasa mengi yamefurika, na mwalimu mwenye watoto wengi kupita kiasi huona njia rahisi ni kuandika insha moja ubaoni. Lakini mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unadai umahiri, yaani mtoto aweze kutenda anachokijua, na umahiri haupatikani kwa kunakili.

Kwa hiyo nawaomba walimu, badala ya lile bunda, mumpe kila mtoto kazi moja tu ya likizo: achague kitu kimoja karibu na kwao, akitazame mara kwa mara, aandike na kuchora alichokiona. Juma la kwanza la muhula litengwe kwa ajili ya kusikilizana, kundi kwa kundi, na makosa ya tahajia yasubiri mpaka mtoto amalize kusimulia. Wazazi, msiiguse kazi hiyo kwa kalamu yenu. Mpelekeni mtoto, mngojeni, mjibuni anapouliza.

Vikao vya wazazi vya kufunga mwaka vinakaribia. Hoja hii iingizwe kwenye ajenda kabla ya hoja ya michango, maana tukishafika kwenye michango muda huisha na watu huondoka. Mwalimu mkuu yeyote wa huku Tabata, Buguruni au Vingunguti atakayetaka nikae na walimu wake wa darasa la tatu na la nne tuandae kazi hiyo ya Desemba, nitakuja bila posho.

Wenu,
Bibi, mwalimu mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam