Hina Ikishashika Haivuliwi: Kwa Nini Siku Hizi Tunaomba Arubuni

Muuza leso wa Mtaa wa Biashara usipomlipa, anaweza kukuomba umrudishie leso yake. Fundi cherehani anaweza kulikalia gauni lako mpaka umalize deni. Sisi tunaochora hina hatuna cha kukalia. Hina ikishashika mkononi imekuwa ngozi yako. Utaondoka nayo, utapigwa nayo picha, na itafifia yenyewe baada ya wiki moja au mbili, uwe umelipa au hukulipa.

Nayasema haya kwa sababu wateja wetu kadhaa wameuliza kwa nini siku hizi tunaomba arubuni, yaani malipo ya mwanzo ya kuweka nafasi, na wengine wamekasirika. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, mimi nakuja kwako tangu uko kibandani, leo wanidai arubuni kama mgeni?" Neno lile liliniuma, maana ana haki ya kuuliza. Wacha nimjibu yeye na wengine wote wenye swali kama lake.

Ilikuwa harusi ya Mji wa Kale, hapa Mombasa, mwezi wa Shaaban, siku ambazo kila nyumba yakimbilia kuozesha kabla Ramadhani haijaandama. Shangazi ya bibi harusi ndiye aliyenipigia simu. Bibi harusi alitakiwa achorwe mikono mpaka viwikoni na miguu mpaka nusu ya muundi, na wanawake kumi na mmoja wa nyumbani wachorwe mkono mmoja mmoja. Tukapatana shilingi 6,000 za bibi harusi na 500 kwa kila mmoja wa hao wengine, jumla 11,500. Yote hayo kwa mdomo, kwenye simu.

Tulifika baada ya alasiri, mimi na wasichana wangu wawili. Tukakaa mkekani, mguu wa bibi harusi juu ya mto uliotandikwa leso kuukuu. Mkono wa kwanza peke yake ulichukua saa moja na nusu. Kila ua lilipoanza kukauka nilikuwa nikiligusagusa kwa pamba iliyochovywa maji ya ndimu na sukari, ili hina isibanduke kabla ya wakati wake. Kufika saa nne za usiku kidole gumba changu kilikuwa kimekufa ganzi kwa kuminya koni. Tulimaliza saa saba usiku.

Nilipomtafuta shangazi nikaambiwa pesa ziko kwa mjomba, na mjomba ametoka. "Dada, n'takutumia asubuhi inshallah. Sisi si watu wa kupotea." Nilimwamini kabisa. Asubuhi ikapita, harusi ikapita, fungate ikapita. Simu ya kwanza ilipokewa, ya tatu haikupokewa, na nilipopiga ya tano nikakuta nambari yangu imefungiwa.

Wasichana wangu niliwalipa usiku uleule, 1,500 kila mmoja, kwa sababu mimi ndiye niliyewaita kazini na hawakuwa na deni na mtu. Unga wa hina, ndimu, mafuta ya mkaratusi na karatasi za koni zilikuwa zimekula 1,200. Tuktuk ya kwenda na kurudi, 600. Kwa hiyo shilingi 4,800 zilitoka mfukoni mwangu ili harusi ya watu ipendeze, na siku hiyohiyo nilikuwa nimekataa kazi mbili za Kisauni kwa ajili yao. Hilo la kukataa kazi nyingine wateja wengi hawalijui. Unapoweka siku yako, siku hiyo tunaifunga.

Nimelifikiri sana jambo lile, na nimeona kosa moja lilikuwa langu. Nilingoja kazi iishe ndipo nizungumzie pesa, wakati tayari sina tena la kufanya. Basi tumebadilisha mpangilio. Siku unapoweka nafasi unatoa nusu, hiyo ndiyo arubuni. Nusu ya pili inalipwa tukimaliza mikono, wakati bibi harusi anapumzika na kulishwa, kabla hatujaanza miguu. Ukiahirisha zikiwa zimebaki siku saba au zaidi, arubuni yako inarudi yote. Chini ya hapo hairudi, kwa sababu wengine tumeshawakatalia. Ukipatwa na msiba au ugonjwa, hiyo ni habari nyingine: tunahamisha tarehe, na hatukuongezei hata shilingi.

Haya yote tunayaandika. Ni karatasi moja tu yenye tarehe, nyumba, idadi ya watu, michoro uliyochagua, kiasi kilicholipwa na kilichobaki, na jina la mtu mmoja ambaye ndiye mlipaji. Hilo la mwisho ndilo nililokosa kule Mji wa Kale. Shangazi alisema mjomba, mjomba angesema baba, na harusini kila mtu ana shughuli. Wapo wanaoona kuandikiana ni kutoaminiana. Mimi sioni hivyo. Dini yetu imeagiza deni la muda liandikwe na wawepo mashahidi, na walioagizwa ni waumini wao kwa wao, si maadui.

Kuna mzozo mwingine wa malipo ambao hauna ubaya wa mtu ndani yake, unatokana na rangi. Hina ikibanduliwa, rangi ya kwanza ni ya chungwa. Huendelea kukolea kwa siku moja mpaka mbili, ndipo ifike ule wekundu mzito unaoelekea kahawia. Mtu aliyechorwa Alhamisi usiku akaamka Ijumaa akaona chungwa, atadhani ametapeliwa, na akiwa bado hajamaliza kulipa atazizuia pesa. Ndiyo maana bibi harusi tunamchora siku mbili kabla, na tunamwambia mapema: ikae si chini ya saa sita, ikikauka uikwangue badala ya kuiosha, na siku ya kwanza ujiepushe na maji na sabuni kadiri uwezavyo. Viganja na nyayo hukolea zaidi, migongo ya mikono hukolea kidogo. Ikiwa umefuata haya na siku mbili zimepita bila rangi kukolea, tutumie picha, tutarudia bure. Tukikosea sisi, gharama ni yetu. Wanaotaka weusi wa haraka hutuomba piko, na hapo tunakataa hata pesa zikiwa mezani. Ile ni rangi ya kupaka nywele, na ngozi nyingine huota malengelenge nayo.

Kuhusu M-Pesa, tafadhali usione vibaya tukisubiri simu yetu wenyewe iingie ujumbe. Kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja hakutoshi tena. Tumewahi kuonyeshwa ujumbe ulioandikwa vizuri kabisa, jina letu na kiasi vyote sawa, na pesa hazikuingia mpaka leo. Jambo la pili, ukikosea kiasi au nambari, tuambie tulisuluhishe hapahapa. Safaricom wana njia ya kurudisha pesa zilizokwenda kimakosa, unapeleka ule ujumbe kwa 456, nayo ni njia nzuri kwa aliyekosea kweli. Lakini kuna aliyechorwa, akafika kwao, akaitumia kuzirudisha kwake pesa alizotulipa, na tangu hapo twaandika risiti kwa kila malipo, hata ya shilingi 500.

Asiye na pesa za kutosha aseme mapema, na asione haya. Tunao wateja wanaolipa kidogokidogo miezi miwili kabla ya harusi, mia tano leo, elfu moja wiki ijayo, na siku ya hina hawana deni. Tunaweza pia kupunguza michoro. Mguu wenye ua moja zuri kisigino mpaka kidole gumba unapendeza kuliko watu wanavyodhani. Kinachotushinda ni kuambiwa baada ya saa saba usiku.

Wenzangu wa kazi hii hunishauri niweke picha za wasiolipa kwenye status, aibu iwalipishe. Sifanyi, na nawaomba wenzangu msifanye. Kwanza kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na biashara zimeshatozwa pesa nyingi hapa Kenya kwa kutumia picha za watu bila idhini yao. Lakini hata isingekuwapo sheria, picha niliyo nayo ni ya bibi harusi. Aliyekatiza simu ni shangazi. Yule binti alikaa saa nane bila kuinua mkono, akanishukuru kwa moyo, na huenda mpaka leo hajui kuwa sikulipwa. Nimvunjie heshima yeye kwa kosa gani?

Njia ya haki ipo. Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na hapa Mombasa ipo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Inachotaka ni ushahidi, na karatasi yenye sahihi mbili ni ushahidi. Zile 11,500 sikuzipeleka, kwa sababu nilichokuwa nacho ni mazungumzo ya simu tu.

Ukitaka kuweka nafasi, tutumie tarehe ya harusi, idadi ya watu, na picha ya mchoro unaoupenda kama unao. Kwa mwezi wa Shaaban na siku za baada ya Idi, wahi angalau wiki sita kabla. Walioko Likoni na ng'ambo nyingine za maji watuambie mapema, ili tupange muda wa feri. Na kama nyumba ni ya Mji wa Kale, tuambie ni ghorofa ya ngapi na ngazi zikoje, kwa sababu twaja na mito yetu, mikeka na taa.